Mahubiri Yaliyokula Mbegu

Jumanne, 6 Februari
Habari kubwa! Arkidiakono anakuja Jumapili, ibada ya shukrani ya mavuno. Atachagua katekista mmoja wa kwenda shule ya ushemasi. Hapa kilimani juu ya Mweso makatekista tuko wawili: mimi na Thierry. Thierry ana sono, vipaza sauti vya betri, na shati jeupe lisiloogopa matope. Mimi nina mke, Adelaïde, na sauti. Nimeharibu karatasi mbili nikiandika mahubiri. Zote zinasema "Wapendwa" na kuishia hapo.

Jumatano, 7 Februari
Mungu ni mwema. Nimemtembelea Mama Emérita, mjane wa Pasta Nshimiyimana aliyehubiri hapa miaka ya themanini. Mahubiri ya marehemu yamejaa sanduku, yote kwa mashine ya kuandika. Nikamwambia nataka kuyaanika, yasioze. Akanitazama kitambo, akanipa chai, akasema nichague. Nimechagua ya mavuno. Kurasa saba! Nani atayakumbuka? Wazee wenyewe husinzia kuanzia somo la pili.

Ijumaa, 9 Februari
Mazoezi mbele ya mbuzi, mikono juu, mpaka ukurasa wa tano. Zilizobaki nitazisoma hapo hapo, koo lisichoke bure. Adelaïde anachambua maharagwe ya mbegu, kikapu kizima, tunapanda Jumatatu. Aliomba nimsaidie. Nikamweleza kwamba shemasi mtarajiwa hana nafasi.

Jumapili, 11 Februari
Aibu. Nilianza vizuri mno. Wamama walifuta machozi. Wazee hawakusinzia! Nikafika ukurasa wa mwisho nimepaa kabisa, macho yanasoma, mdomo unatoa: leo asirudi mtu kwake na njaa, wote nyumbani kwangu, chungu kiko motoni. Nilipoelewa nilichosema, watu walikuwa wamesimama wakipiga makofi. Arkidiakono alikuwa wa kwanza kuchukua kofia yake.

Hapakuwa na chungu motoni. Palikuwa na mbegu. Adelaïde alichukua kikapu. Alizimimina zote, kanisa zima likaimba uani mpaka zikaiva. Nampenda sana huyu mwanamke, na nimelisha watu shamba lake. Tutapanda nini?

Jumatatu, 12 Februari
Asubuhi hodi. Mama Emérita na wamama wenzake, kila mmoja na bakuli la mbegu: nyekundu, za njano, zenye madoa. Nikaanza kueleza kuhusu Roho aliyenishukia. Mama Emérita akanikatiza taratibu.

"Mutoto yangu, tulijua tangu neno ya kwanza. Bwana yangu alikuwa anaisema kila mavuno. Na kila mavuno ni mimi njo nilikuwa napika, bila kuambiwa mbele."

Adelaïde akacheka mpaka akakaa chini. Wakacheka wote. Mimi nililia kidogo, kwa furaha, na shamba tukapanda pamoja.

Jioni arkidiakono alipita kuaga. Kumbe naye alisoma shule ya Jumapili hapa hapa, na maharagwe ya marehemu aliyala miaka mingi! Hakukasirika. Alisema atarudi Jumapili ijayo anisikie nikihubiri maneno yangu mwenyewe. Yakiwa yangu kweli, nafasi ni yangu. Yasipokuwa yangu, ni ya Thierry. Nikaapa mbele ya Adelaïde.

Alhamisi, 15 Februari
Maneno yangu tu! Niko mezani tangu asubuhi. "Wapendwa." Chai. "Wapendwa katika Bwana." Tunasonga mbele. Adelaïde anasema nieleze tu jinsi mbegu zilivyoliwa na zilivyorudi, watu watalia tena. Maskini, hajui mambo ya mimbari.

Jumamosi, 17 Februari
Moyo umetulia. Nimerudi kwa Mama Emérita, nikamwambia nataka tu kuona marehemu alivyokuwa anaanza. Alinitazama, akatikisa kichwa, akanisogezea sanduku. Nimepata mahubiri mafupi, mazito, yatamwangusha arkidiakono kitini. Ni ya amri ya nane: Usiibe. Na safari hii nimejifunza. Nimesoma mpaka ukurasa wa mwisho, na hakuna mahali anapoalika watu kula.