Kifo cha Tajiri Hakikufuata Utaratibu

Alhamisi, 5 Machi

Tajiri amekufa. Kwa simu!

Ninaandika kwa hasira, wala si kwa huzuni. Misimu mitatu mizima ya tamthilia ya *Nyumba ya Marumaru* tumemvumilia mtu huyo. Amewadhulumu yatima, amemfukuza mkewe mvua ikinyesha, amemtia kaka yake wazimu kwa makusudi. Kifo chake nilikiandaa moyoni kama mtu anavyomwandalia mgeni chumba. Na leo? Mlinzi wake amepokea simu: "Ee? Lini? Haya." Akamgeukia mpishi akamwambia bosi amefariki. Mpishi akaendelea kumenya viazi. Likaingia tangazo la sabuni.

Linganisha na yule Dereva, mtu asiyepewa hata jina. Mwezi uliopita alipigwa risasi akiwa kwenye usukani. Akaegesha gari sawasawa ndani ya mstari, akavuta breki ya mkono, akazima taa, ndipo akakata roho. Hicho ndicho kifo! Nilimpa tisa kwa kumi. Moja nilimkata kwa kuondoka bila kuaga.

Majirani wa jengo letu hukusanyika sebuleni kwetu kila Alhamisi, nami huwapa tathmini ya kila kifo baada ya kipindi. Leo nilipochukua nafasi yangu mbele ya runinga nilimkuta Mama mkwe analia. Anamlilia Tajiri! Nikamweleza, kwa adabu zote, kwamba machozi yale hayakustahili, kwa kuwa kifo chenyewe hakikufuata utaratibu.

Akafuta pua. Akasema runinga ni yake, alikuja nayo kutoka kwake, na kama nitamhutubia tena akiwa analia ataishusha kwa Kinyozi, ghorofa ya chini, nao majirani wataifuata. Kinyozi alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akashikilia fremu.

Ijumaa, 6 Machi

Sitanyamaza. Mimi si mtu wa kunyamaza. Ni mwandishi wa maombi, niliyejifundisha mwenyewe, na meza yangu kwenye baraza la posta inajulikana. Leo nimeiandikia stesheni ya runinga. Nanukuu ufunguzi, kwa kuwa umenipendeza: "Kwa heshima na taadhima, na pasipo kuathiri haki yangu ya kununa, ninawasilisha mbele yenu malalamiko yafuatayo." Madai ni matatu. Marehemu arejeshwe. Afe upya, mbele ya watazamaji. Kabla ya kufa, atoe hotuba.

Fundi bomba, mteja wangu, alikuwa akisubiri barua yake ya kuomba kazi. Akauliza marehemu ni nani. Nikamjibu, Tajiri. Akavua kofia. Akanipa pole, akauliza ameacha watoto wangapi. Nikamwambia watano, wawili wa nje ya ndoa. Akatikisa kichwa, akasema wanaume jamani, akatia saini chini ya jina langu. Sikuona sababu ya kumsumbua kwa maelezo zaidi. Saini ni saini.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeteremka kwa Kinyozi kutafuta saini ya pili. Nilimkuta na mteja aliyenyolewa nusu kichwa.

Amekataa! Eti kile ndicho kifo bora kuliko vyote. Eti Tajiri maisha yake yote alitaka kila mtu amtazame, basi amekufa na hakuna aliyegeuza shingo, hata viazi havikusimama. "Hiyo ndiyo adhabu yake, Bwana Aya." Bwana Aya ni mimi, ndivyo wanavyoniita jengo zima, kwa wivu. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakasema kweli kabisa. Hata yule wa nusu kichwa.

Sijapata kusikia ujinga uliopangwa vizuri kiasi hicho. Mtu huyu anadhani kunyoa vichwa ni sawa na kuwa na kichwa.

Nikatangaza hapohapo, kwa sauti, kwamba Alhamisi ijayo, kabla ya kipindi, nitawaonyesha sebuleni kwangu jinsi Tajiri alivyopaswa kufa. Mimi mwenyewe nitakuwa Tajiri. Kinyozi akauliza kama kutakuwa na viazi.

Jumatatu, 9 Machi

Stesheni imejibu. "Asante kwa kutazama. Endelea kuwa nasi." Basi! Ufupi wa namna hii ni lugha ya mtu aliyeishiwa hoja.

Nimemjulisha Mama mkwe kuhusu onyesho. Akauliza ni la muda gani. Nikamwambia hotuba ina kurasa kumi na mbili. Akauliza Tajiri anauawa kwa sumu au kwa kuchoka. Mke wangu akageukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Kisha Mama mkwe akatoa masharti yake, taratibu, akikunja nguo. Atakaa, atatazama, na runinga itabaki hapa. Lakini kipindi kinaanza saa mbili kamili. "Ufe kabla ya saa mbili, baba. Ikifika saa mbili hujafa, mimi na runinga tunashuka kwa Kinyozi, na hatupandi tena."

Nimekubali. Kufa kwa wakati ni jambo dogo kwa mtu mwenye mpangilio.

Jumatano, 11 Machi

Mazoezi. Nesi wa ghorofa ya juu alipita kuazima pasi, akasimama kutazama. Akasema mtu aliyekunywa sumu hasemi sentensi ndefu hivyo, na kwa kawaida hasimami. Nikamjibu kwamba vifo vya hospitali havina mtiririko, na kwamba wagonjwa wake wangefaidika kwa kusikiliza. Akachukua pasi akaondoka.

Mke wangu amepima kwa simu yake: kufa kwangu kunachukua saa nzima. Ananisihi niondoe sehemu ya kaka. Haiwezekani, ndiyo nguzo. Basi niondoe "hivyo basi" na "kwa kuwa" zote. Yaani niitoe hotuba mifupa, nibakize nyama! Akasema sawa mume wangu, lakini Mama hatanii, na runinga ikishuka tutabaki tukitazamana mimi na wewe. Tumeafikiana kwamba nitasema haraka zaidi.

Alhamisi, 12 Machi

Nimekufa. Lakini si kama ilivyopangwa.

Sebule ilijaa mpaka kwenye ngazi. Saa moja kamili nilitoka chumbani nimevaa koti langu la harusi, kikombe cha sumu mkononi, yaani chai baridi. Nikanywa. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Na hapo ndipo Kinyozi, aliyejiketisha mbele kabisa, alipotoa mfukoni kisu na kiazi, akaanza kumenya.

Waliangua kicheko kirefu. Ilinibidi ninywe sumu upya na nianze mwanzo.

Ukurasa wa tano nikapiga magoti. Ukurasa wa saba nikalala kwenye zulia. Nilikuwa nikiendelea vizuri sana, mtu mmoja alikuwa ameinamisha kichwa (mke wangu anasema alisinzia), simu ya Mama mkwe ilipolia. Alikuwa binti yake mwingine. Akapokea! Akasema, bila hata kushusha sauti: "Bado anakufa. Hapana, bado. Nitakupigia akimaliza."

Saa mbili ilipogonga nilikuwa ukurasa wa tisa, nikimwomba kaka radhi. Nikaomba nyongeza ya muda, kutoka sakafuni, kwa lugha inayostahili. Mama mkwe akasimama. Akaniambia pole, akachomoa waya. Vijana wawili wakaipitisha runinga juu yangu kama jeneza, na waya ukanipapasa usoni. Ningeweza kuukamata. Lakini wakati huo Tajiri alikuwa katikati ya kuomba radhi, nami siwezi kuvunja uhusika.

Walishuka wote. Hata mke wangu, akisema anakwenda kumtazama Mama tu.

Nikamaliza kurasa zilizobaki peke yangu. Nilikata roho mbele ya kochi tupu, kwa heshima kubwa, jicho moja likiwa wazi kama nilivyokusudia.

Nikiwa bado nimelala hivyo nikasikia jengo zima linapiga kelele chini. Simu yangu ikaita. Mke wangu, hana pumzi. Hajafa! Tajiri hajafa! Ilikuwa hila! Ameingia jikoni kwa mlango wa nyuma, mpishi kadondosha kisu, Tajiri kachukua kiazi kimoja kwenye sufuria akala amesimama! Mama analia, Kinyozi analia, kila mtu analia, na wewe uko wapi?

Tukio kubwa kuliko yote ya misimu mitatu. Nimepata habari zake kwa simu.

Ijumaa, 13 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Dai langu la kwanza, marehemu arejeshwe, limetekelezwa ndani ya wiki moja. Watu wakubwa wamepata kuomba makubwa wakajibiwa madogo kuliko hayo.

Fundi bomba alikuja barazani kuuliza mazishi ni lini. Nikamjulisha kwa fahari kwamba marehemu amerejea jana na anakula vizuri. Akachukua sanduku lake la vifaa akaondoka kinyumenyume, bila barua yake.

Sebuleni pana mraba safi usio na vumbi, pale runinga ilipokuwa. Mama mkwe amesema itapanda tena siku nitakapotazama kipindi kizima nimefunga mdomo. Kinyozi, kwa unafiki wake, ameniwekea kiti karibu na kioo, akasema karibu sana Bwana Aya, kaa utulie. Nimekubali kiti. Kutokea hapo nitaonekana na wote nikisimama.

Kwa sababu ni lazima nisimame. Tajiri amerudi bila kueleza alikokuwa, bila kumwomba mtu radhi, bila hotuba! Ombi jipya liko tayari mezani. Pia nimeyachunguza makosa ya jana kwa haki, bila kujipendelea, na nimekuta kosa moja tu.

Hotuba ilikuwa fupi.