Waya Usiokuwa na Kazi

Jumatatu, 1 Agosti 1955. Garsen.
Nimeukata. Mchana, injini ikiwa imelala. Waya wa kutoka nguzo ya pili hadi ya tatu ya taa za Adow, mwenye duka pale kivukoni. Si wizi. Nyaya zilikuwa mbili, na kila nguzo ina taa moja. Stima ikishafika kwenye taa imefika. Irudi kufanya nini? Nilifagia gereji Mombasa miezi mitatu, mambo haya nayajua. Nikampelekea Mwanaarusi, shamba lao liko nyuma ya duka. Tukaufungia madebe, tukautandaza juu ya mpunga. Ukivuta, ndege wote mbio. Alicheka. Babake, Mzee Jilo, hakucheka. Akasema binti yake haolewi na mtu asiye na kazi. Tutaona.

Jumanne, 2 Agosti.
Heri imejileta yenyewe. Jana magharibi Adow aliwasha injini: taa mbili za dukani zikawaka, mbili za kivukoni giza. Na wakweze wanavuka Ijumaa jioni, hapo ukingoni pana mamba. Anataka fundi. Nikamwambia fundi ni mimi. Akaniuliza, waryaa, we kijana, kweli wajua? Nikajibu tangu tumboni mwa mama. Zikiwaka kabla ya wakwe kufika, kazi ni yangu moja kwa moja. Mzee Jilo naye kasema akiziona zinawaka, tutazungumza posa.

Komora wa mashine ya kusaga alikuwa anasikiliza. Akauliza kama nyaya zote zipo. Nikamwambia ashughulike na unga.

Jumatano, 3 Agosti.
Uchunguzi. Ugonjwa ni wadudu. Nikaosha globu za kivukoni kwa limau na jivu. Giza. Nikazipeleka dukani, za dukani nikazileta kivukoni. Zilizokuwa mbovu zikawaka, nzima zikakataa. Basi kosa ni la nguzo. Nilimweleza Adow kwamba boriti za mkoko zimezoea maji ya chumvi, haya ya Tana hayazifai. Alikuna kichwa. Nadhani alielewa.

Alhamisi, 4 Agosti.
Nimeing'oa nguzo ya tatu nikaipindua, kichwa chini. Giza. Nikaizidishia injini mwendo ili stima ifike mbali. Globu moja ya dukani ikapasuka, vigae vikaingia kwenye gunia la sukari. Adow akaenda kumwita Komora. Imeniuma, sitaficha. Nitamkosa Mwanaarusi kwa sababu ya mtu mwenye unga kwenye nyusi.

Ijumaa, 5 Agosti.
Baada ya sala Komora alitembea chini ya nyaya, kidole juu, nguzo hadi nguzo. Hakumaliza hata sigara. Akasema hapa upo mmoja tu, na stima lazima irudi ilikotoka. Adow akauliza wa pili umekwenda wapi. Nikasema labda ndege wamejengea viota. Papo hapo madebe yakalia nyuma ya duka. Mzee Jilo anavuta! Akamwita Adow kwa sauti aje aone zawadi ya mkwe wake, waya wa namna hii hata madukani Tarasaa haupatikani. Ndiyo mara ya kwanza kuniita mkwe. Na ya mwisho, kwa maneno yake mwenyewe.

Jumamosi, 6 Agosti.
Waya umerudi nguzoni. Komora ndiye fundi. Wakwe walivuka wakiona mpaka kucha za miguu. Mimi nimehukumiwa kukaa juu ya dungu la Mwanaarusi tangu alfajiri, niwafukuze ndege kwa koo langu, mpaka mpunga uvunwe. Mzee Jilo anasema hiyo haihesabiki kuwa kazi. Mwanaarusi aliniletea uji, akasema madebe yalikuwa na sauti nzuri kuliko yangu. Kweli, sauti imekauka.

Lakini dunguni mtu huona mbali. Nimekitazama kivuko siku nzima. Kina kamba mbili kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, nene, madhubuti. Wanaume wanavuta moja tu. Ya pili imekaa bure. Kesho nitamuuliza Mwanaarusi anahitaji ya urefu gani.