Vita vya Kijiko cha Maziwa

Tegeni masikio, enyi wenye mifugo na msio nayo, ninyi mnaokunywa maziwa yangali na joto la kiwele na ninyi mnaoyanunua kwa chupa mnadani Mtinko! Wekeni majembe chini, tulizeni watoto, kwa maana nasimulia vita visivyomwaga hata tone la damu, vita vya kijiko kimoja cha maziwa, ambavyo wanaume wawili wenye sauti nzito walivipigana tangu asubuhi, na mwanamke mmoja mwenye homa akavishinda kabla ya chakula cha mchana.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipojitoa katika mambo mengi, josho likakauka, kibali cha kusafirisha ng'ombe kikakosa wa kukiuliza, na dawa za mifugo zikauzwa mnadani kando ya sabuni na nyembe. Ndipo Ezekieli, simba wa boma lake, mtawala wa jembe moja la kukokotwa na ng'ombe, alipomnunua ng'ombe chotara mwekundu kwa mchuuzi asiyemjua hata jina, bila cheti, bila kupimwa. Alipoulizwa akajibu kwa neno ambalo siku hizo lilifunga kila mjadala: "Ruksa!" Na ng'ombe akaitwa hivyo.

Ruksa akatupa mimba. Akapandwa tena, akatupa tena. Katika boma hilohilo Hana, mke wa Ezekieli, mimba yake ya kwanza ikaharibika, na ya pili vilevile, na homa ikamwingia, inayopanda jioni na kushuka alfajiri, na viungo vikamuuma kama aliyetwangwa kinuni. Mara nne akapewa klorokwini ya malaria, mara nne homa ikarudi. Sasa sikieni hekima ya simba. Juu ya ng'ombe alisema, "Anaumwa, aitwe Bwana Mifugo." Juu ya mkewe alisema, "Huyu anatupa mimba. Jumapili anarudi kwao Nduguti."

Kitazameni kitenzi hicho, wenzangu. Kutupa! Kana kwamba alisimama mlangoni akamwaga, kama maji ya kuoshea vyombo.

Siku ya Alhamisi akaja Bwana Mifugo Sixbert, jemadari wa mabuti ya mpira, akiisukuma pikipiki ya mradi ambayo petroli yake iliisha pamoja na mradi. Mkobani alibeba silaha zake: chupa ndogo ya dawa ya buluu na vichupa viwili vya kioo.

"Wananchi!" alinguruma, ingawa wananchi walikuwa watatu tu, Ezekieli, Hana, na bibi Rahabu aliyemzaa Ezekieli. "Adui yetu haonekani kwa macho. Ni kijidudu! Humtoa ndama kabla ya siku zake, kisha huingia katika maziwa, na anayeyanywa mabichi humwingia naye. Lakini nimekuja na mtego. Natia tone la dawa hii katika maziwa, naweka katika joto la mwili kwa saa moja, na kama adui yumo, juu itatokea pete ya buluu. Nileteeni maziwa ya Ruksa!"

"Shikamoo, Bwana Mifugo," alisema Hana taratibu. "Na anayeyanywa akiwa mjamzito?"

"Marahaba. Mimba yaweza kuharibika."

Ezekieli akakohoa. "Pima ng'ombe, mkubwa. Hatukukuitia mkutano."

Bibi Rahabu akaleta kikombe. Sixbert akamimina kijiko kimoja kichupani, akatia tone, akatikisa, akaziba, na kwa kuwa ofisi haikuwahi kumpa mashine ya joto, akakitia kwapani. Akakaa juu ya kigoda saa nzima, mkono umebana ubavu, uso mkali, kama kuku aliyelalia yai moja la taifa. Kisha akakitoa, akakiinua juani. Maziwa yalikuwa ya samawati tangu chini hadi juu. Pete haikuwapo.

"Ng'ombe mzima!" alitangaza.

"Mmesikia!" Ezekieli akaruka. "Ng'ombe wangu mzima! Basi mkosi tunajua umelala wapi. Hana, funga mizigo, usingoje Jumapili."

Hana hakwenda kufunga mizigo. Alikitazama kile kichupa.

"Bwana Mifugo, hiyo pete hukaa wapi?"

"Juu, katika malai, yale mafuta ya maziwa yanayoelea. Vijidudu hupanda pamoja na malai."

"Na maziwa yasiyo na malai?"

Jemadari akakigeuza kichupa mkononi. "Hapo... hapo hatutaona pete, hata maadui wawe jeshi."

"Mama," Hana alimgeukia mkwewe, "kwa heshima zote, hayo maziwa uliyaengua?"

"Ala! Toka lini mtu wa serikali akapewa malai?" bibi Rahabu alishangaa kweli. "Tangu enzi za kodi ya kichwa, kikombe chao huenguliwa kwanza. Malai ni ya samli. Ukimpa yote, kesho yuko hapa tena."

Hana akatwaa kikombe akaelekea zizini. Ezekieli akasimama langoni, mikono kiunoni.

"Ameshakamuliwa huyo. Na wewe umeshapimiwa ukashindwa!"

"Yaliyobaki kiweleni ndiyo mazito, yenye malai. Nipishe, mume wangu. Atakayepanda basi na sanduku ni mimi, kwa hiyo kijiko hiki nakikamua mwenyewe."

Akapita chini ya mkono wake, akapiga magoti yenye maumivu kando ya Ruksa, akakamua. Kijiko kikamiminwa, tone likatiwa, na kichupa cha pili kikaingia katika kwapa la pili, kwa kuwa la kwanza lilikuwa limechoka kwa vita. Saa ikapita.

Sixbert akakiinua. Chini, maziwa meupe. Juu, buluu nzito, mviringo mwembamba kama uzi.

"Nimemkamata!" alipaza sauti huyo aliyesahau kuuliza habari za malai. Akaandika daftarini kwa herufi kubwa, kisha akaandika barua ya hospitali, damu ya Hana ipimwe kijidudu hichohicho, na ya Ezekieli pia, maana magoti yake yalimuuma kila asubuhi naye alisingizia jembe. Bibi Rahabu akasonya, akatia maziwa yote sufuriani, akabandika jikoni.

"Ni ng'ombe," Ezekieli alinong'ona, macho chini.

"Sema kwa sauti, baba," alisema Hana. "Mama yuko jikoni, hajasikia."

Simba akainua uso, akapaza sauti. "Ni ng'ombe! Si Hana. Ni ng'ombe!"

Liandikeni hilo, enyi waandishi wa tarehe za mataifa, kando ya kuanguka kwa miji na kutawazwa kwa wafalme: kwamba siku ya Alhamisi, saa sita kasoro robo mchana, katika boma moja karibu na Mtinko, mwanamume alimtaja mkosaji kwa jina lake halisi, na majirani wote wakasikia.