Maboza Manne ya Mteja Namba 14

Optatus alipomwona Khalfan ananawa uso kwa maji ya chupa, alijua Mungu hajamsahau.

Khalfan ana nyumba ya wageni hapa Newala. Jumamosi hiyo ilijaa watu wa harusi, na mabomba yalikuwa yanakohoa hewa tu. Optatus naye, kwa sababu ambazo hakuna aliyewahi kuzieleza, ndiye msimamizi wa mfumo wa maji: tovuti moja inayotumiwa na vikundi tisa, Masasi hadi Newala, kila kikundi na orodha yake ya wateja. Wengine wote hubonyeza vitufe vya rangi. Optatus pekee huingia kwa mlango wa nyuma, kwenye kioo cheusi ambako mtu huandika amri na mashine ikatii.

"Shikamoo, Baba Ziada," Optatus akamwamkia Khalfan.

"Marahaba. Una maji?"

"Nina amri. Leo kuna maboza manne ya maji ya dharura. Moja linaweza kupotea njia likaingia kwako."

Khalfan alielewa bei; akamtazama beberu wake aliyefungwa uani kama anayeaga ndugu. "Mchukue."

Optatus akafungua kompyuta sebuleni, akakunja mikono ya shati kama daktari wa upasuaji, akaandika: peleka boza la dharura, mteja namba 14. Hiyo ndiyo namba ya Khalfan kikundini kwake. Mashine ikajibu: Imefanikiwa.

Boza likaja, likapiga honi, likapita.

"Mbona limepita?"

"Linageuzia mbele, mzee. Gari kubwa lile."

Halikugeuza. Optatus akaandika tena. Imefanikiwa. La pili likapita.

"Ukungu wa Ruvuma umeingia kwenye mtandao," akaeleza, kwa sauti ya padri mazishini. Akarudia mara ya tatu. Mara ya nne. Bibi harusi akatoka na povu kichwani, akauliza kama humu ndani kuna mwanamume.

"Maji yasipofika saa sita," Khalfan akasema, "beberu anarudi, nami naenda kwenye kamati ya maji. Kazi huna."

Simu ya Optatus ikalia. Alikuwa Bibiana, katibu wa kikundi cha kina mama, nyumba ya nane mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nauliza tu. Maboza manne yamemwaga maji kwangu. Nimefanya jema gani?"

Optatus akaisoma tena amri yake. Kila kikundi kina mteja wake namba 14, na yeye, kwa pupa, hakutaja kikundi. Mashine isipotajiwa kikundi huchukua cha kwanza kwenye orodha. Cha kwanza ni cha kina Bibiana. Namba 14 ni Bibiana mwenyewe.

"Ni hitilafu, mama. Nitayarudisha."

"Utayarudishaje, na matangi yamejaa? Halafu hapa kwenye mfumo pameandikwa: dharura, imeidhinishwa na Optatus. Mara nne. Niisomee kamati?"

"Usisome, mama!"

"Huyo anayelia hapo nyuma yako ni beberu?"

Optatus akamziba beberu mdomo.

"Mlete, nami sisomi. Utakuta mkokoteni na madumu. Wageni wa Khalfan nao ni watoto wa watu."

Basi mheshimiwa msimamizi wa mfumo akasukuma madumu sitini mchana kutwa, huku bibi harusi akimpigia vigelegele na Khalfan akimfokea kwa kila tone lililomwagika.

Alipofuata dumu la mwisho, Bibiana alikuwa anamlisha beberu maganda ya muhogo.

"Baba," akasema bila kugeuka, "Jumamosi ijayo ukiandika amri, usijisumbue kutaja kikundi."