Jibu Nililomficha Rhoda

Jumatatu, 12 Mei 2025. Geita.
Kazi imejileta! Mzee Mayala, mwenye duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, anataka programu ya kumwonyesha nani yuko chini kabla ya kulipua mwamba. Mwaka jana alimzika mdogo wake. Walipolipua, hakuna aliyejua kwamba bado yumo shimoni. Ijumaa ataangalia programu mbili, yangu na ya Rhoda niliyesoma naye chuo, achague moja. Rhoda! Haoni ndani.

Jumanne, 13 Mei
Nimeandika funksheni moja tu, kipande cha programu kinachopokea swali na kutoa jibu. Inaingia kwenye tawi la duara, inakusanya majina, ikikuta tawi lingine inajiita yenyewe. Safi. Ila Rhoda akichungulia leo, kesho unaikuta kwake. Kwa hiyo nimeficha aina ya jibu. Msomaji ajue tu kwamba kinatoka kitu chenye majina, asijue kitu gani. Huku kwetu nani hubeba mawe ya dhahabu kwenye kiroba kilicho wazi?

Jumatano, 14 Mei
Kompaila, ile inayogeuza maandishi yangu kuwa programu, imegoma. Inataka kujua jibu ni la aina gani. Jibu linatokana na jibu la funksheni ileile, nalo nimelificha. Kama kumuuliza mtu kiroba kina nini, akasema kina kilichomo. Rhoda kapita, kaona, kasema niandike waziwazi kwamba ni orodha ya majina, yaishe. Eti ndivyo alivyofanya yeye. Nani hugawa siri bure? Mtego! Nimemshukuru, nikafunika kompyuta.

Ijumaa, 16 Mei
Jana nilijaribu kuificha funksheni ndani ya funksheni nyingine. Kosa likabaki palepale. Mbele ya Mzee Mayala kioo cha kompyuta yangu kilijaa maandishi mekundu. Programu ya Rhoda ilitaja walio chini mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa Makoye, mtoto wa Mzee mwenyewe. Mzee alivua kofia. Akaagiza mtu asilipue mpaka kijana apande. Kisha akaniuliza kwa upole yangu ingesema nini. Nikajibu kwamba hiyo ni siri. Hakucheka. Aibu niliyoipata sijui niiweke wapi.

Jumapili, 18 Mei
Kanisani nimeomba unyenyekevu, nikalitafakari kosa langu hadi nikaliona. Sikuficha vya kutosha.
Jioni Rhoda kaniandikia. Anahitaji msaidizi, anauliza naweza kazi gani. Nimemjibu kwamba naweza zile ninazoziweza. Akishazijua, aniite.