Vipande Vinavyokula Walozi

Katoni tatu za vipande vya rangi ya waridi, vya kutundikwa vyooni, Valère alizipata kwa bei ya kutupa. Ubavuni paliandikwa paradiklorobenzeni, neno ambalo hakujisumbua kulisoma mpaka mwisho. Kilichomfungua macho ni kipande alichokisahau dirishani: kilikuwa kikipungua chenyewe, bila maji wala panya. Mwingine angelia hasara. Valère alivaa shati jeupe akaingia mitaa ya Mangobo.

"Maman, hii inakula bulozi, uchawi wote," alimwambia kila mwenye sanduku la nguo. "Weka ndani ya malle. Mulozi akipita usiku, inapunguka. Ikiisha, unaniita."

Vikapungua, kwa uaminifu ambao hata watumishi wa serikali hawana. Mende nao wakahama masandukuni, na heshima ya bwana huyo ikapanda.

Mwenye nyumba wake, Maman Yolande, alinunua kimoja akakitia sandukuni kama wengine. Asubuhi moja akamwona mpangaji wake akitoka chumbani anapepesuka, macho mekundu, kichwa amekishika kwa mikono miwili. Kwa kuogopa wezi, Valère alikuwa akilala madirisha yamefungwa na katoni moja iko wazi chini ya kitanda.

Maman Yolande akawaita wateja wote uani, akaiburuta ile katoni mbele yao. Vipande ambavyo hakuwa ameviuza vilikuwa karibu vimeisha, vidogo kama njugu.

"Papa Valère, kwetu inapunguka kidogo kidogo. Kwako imeisha, na kichwa inakuuma. Bon, walozi wanakutana wapi?"

Watu wakasogea, wakaziba mlango wa ua. Tonton Hubert, fundi baiskeli, akaanza kukunja mikono ya shati bila haraka. Valère aliogopa kwelikweli. Tapeli hupigwa makofi akaachwa, mlozi hachomoki. Akachagua makofi.

"Si bulozi," alisema, jasho likimtoka. "Ni dawa ya choo. Inageuka hewa yenyewe, hata kama mutu hakuna. Ile hewa ndiyo inaniumiza kichwa. Inafukuza mende, basi. Na mutoto asitie mu kinywa, ni sumu."

"Rudilia ya mutoto," alisema Maman Yolande.

Akarudia, vizuri, kwa sauti. Kisha akala makofi yake, na mchana huo akapanda pirogi, mtumbwi wa kwenda Yanonge, akiwa na shati lake tu. Katoni mbili ambazo hazijafunguliwa zilibaki kwa Maman Yolande, ili, alisema, azitupe.

Siku ya soko vipande vilikuwa mezani kwake, vimepangwa.

"Dawa ya mende na ya choo. Inapunguka yenyewe. Usilale nayo, usiachie mutoto."

Wateja walewale wakanunua tena. Jirani yake Georgette akainama, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Ulijua tangu mwanzo?"

"Mimi? Sikujua kitu," alisema Maman Yolande. "Nilihitaji tu mutu wa kunielezea namna ya kuitumia."