Dole Gumba Moja, Wakulima Sitini

Bariadi, Jumatatu, 1 Septemba 1997

Makala ya Apolonia imetoka jaridani! Jarida la utafiti wa kilimo, karatasi za kung'aa, majina yake yote matatu juu kabisa. Sikuyasoma yote. Roho iliniuma nilipofika la kwanza. Mimi nina miaka kumi na moja katika ofisi hii ya pamba, yeye mitatu! Wakati wa chai Bwana Elia, mkuu wetu, akatangaza kwamba nafasi ya masomo Morogoro ni moja tu, na ataipata mwenye makala bora kufikia mwisho wa mwezi. Akamtazama Apolonia. Mimi nikatazama andazi.

Miezi minane alizunguka Kiloleli kwa baiskeli akiwauliza wakulima habari za kunyunyizia dawa. Kila mmoja alimsomea fomu ya ridhaa kwa Kisukuma, naye mkulima akaweka dole gumba. Miezi minane! Mimi nitamaliza kwa juma moja.

Alhamisi, 4 Septemba

Domitila amefungua steshenari sokoni. Soko huria, kila mtu anafungua kitu. Ana jenereta, kompyuta na mashine ya fotokopi. Nikamsimulia mkulima mmoja wa kubuni, anayelalamika kwamba bomba la dawa linamuumiza mgongo. Akabonyeza hapa na pale, wakawa wanne. Ajabu! Nikamwambia aendelee. Kufika mchana nina wakulima sitini, wote wagonjwa wa mgongo. Domitila akauliza kama watu hawa wapo kweli. Nikamjibu kwamba huu ndio utafiti wa kisasa.

Jumamosi, 6 Septemba

Majina! Fomu za ridhaa zinataka majina. Nikakumbuka karanga nilizonunua stesheni ya Malampaka. Zilifungwa kwa kurasa za daftari la zamani la chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi wameingia, chama kiko hoi, daftari linafungia karanga. Nikazikunjua. Wakulima halisi wa Kiloleli, wengine wana mafuta kidogo.

Nikachovya dole kwenye wino, nikapiga fomu ya kwanza. Safi. Kwenye ya tano kidole kikaanza kuwasha. Zilizobaki nikatoa fotokopi, nikajaza majina. Bahasha ya makala na fomu imeondoka na basi la Dar es Salaam, kwenda kwa lile jarida. Apolonia anikome!

Ijumaa, 26 Septemba

Faksi imekuja. Kwa Bwana Elia, si kwangu. Mhariri wa jarida anasema tangu kompyuta na fotokopi zienee nchini, fomu za ridhaa wanazikagua kwa lenzi, na wakiwa na shaka wanamuuliza mkuu wa ofisi. Wakulima sitini, dole moja, kovu moja la panga. Bwana Elia akaomba kuona kidole changu. Nikakitia mfukoni.

Akasoma orodha kwa sauti, labda kuna tunayemfahamu. Jina la saba: Salu Malimi wa Kiloleli. Apolonia akaweka kikombe chini. Akasema huyo ni guku wake, babu mzaa baba, na walimzika mwaka 1979. Akaniuliza nilimwona wapi, maana yeye angependa sana kumwona tena. Hakuna aliyecheka.

Niliona aibu, kweli. Kama dakika tatu hivi. Kisha nikachukua lile jarida: Apolonia Josia Salu. La tatu ni la babu, kama ilivyo kwa kila mtu! Kumbe ningesoma tu. Roho ikaniuma upya.

Jumapili, 28 Septemba

Masomo kapewa Apolonia. Mimi nimepewa barua ya onyo, na kesho naenda Kiloleli kwa baiskeli kuiomba radhi familia ya Mzee Salu. Wanasema Apolonia ndiye aliyeomba nisifukuzwe. Hata wema ananizidi! Simpendi.

Nimetafakari sana kanisani. Kosa langu nimeliona: marehemu. Naanza makala mpya, "Ridhaa ya Mkulima katika Zama za Kompyuta". Safari hii wote wako hai, nina uhakika. Majina nimeyanakili kutoka ubao wa parokia, orodha ya waliobatizwa leo asubuhi. Mkubwa wao ana miezi saba, lakini fomu haiulizi umri. Dole nitatumia la kushoto, halina kovu.